Posho ya Mwalimu: Kilwa, Mitwero na Shule za Wayahudi wa Mbale

Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alimkuta sultani mwenye mkono wazi. Al-Hasan bin Sulaiman, aliyejulikana kwa lakabu ya Abu al-Mawahib kwa wingi wa vipawa vyake, alikuwa akitenga fungu la tano la ngawira kama Kurani inavyoelekeza, na masharifu walimfuata kutoka Hijazi, Iraki na kwingineko. Fakiri mmoja wa Yemen alimwomba nguo alizovaa mwilini. Sultani akaingia ndani, akabadilisha, akampa, na baadaye akamwongezea watumwa na pembe za ndovu. Kisha sultani akafa. Akashika utawala nduguye, Daudi, na waombaji waliokuja kwake wakaelezwa kwamba aliyekuwa akitoa amekufa na hakuacha kitu cha kutolewa. Wageni walikaa mlangoni pake miezi, wakaondoka na kidogo, hata wakaacha kuja. Kisa hiki husomwa kama sifa ya mtu mmoja na aibu ya mwingine, lakini kuna jambo zito zaidi ndani yake. Watu wa elimu walikuwa wakiishi Kilwa kwa kutegemea moyo wa mtu mmoja, na moyo ule uliposimama, nao wakakosa pa kushika.

Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba elimu ya dini katika jamii ndogo hudumu kadiri inavyodumu ile riziki inayomlisha mwalimu wake, na kwamba riziki hiyo hudumu ikiwa inatoka karibu, inatoka kila mara, na inatoka kwa wengi. Ushahidi mkubwa nitauchukua mbali na pwani yetu, kwa Wayahudi wa Mbale, mashariki mwa Uganda, wanaojiita Abayudaya. Msomaji wa Mitwero, nje kidogo ya mji wa Lindi, ana haki ya kuuliza watu hao wanamhusu nini, kwa kuwa pwani ya Lindi haina sinagogi na watoto wake hawakukaririshwa herufi za Kiebrania. Wanamhusu kwa sababu wamepita, ndani ya karne moja na kwa maandishi yanayofuatilika, katika swali lile lile ambalo vyuo vya Kurani vya ukanda huu vimekuwa vikilijibu kwa muda mrefu zaidi na kwa kelele kidogo zaidi.

Tuanze na jibu la pwani, maana limekaa machoni petu hata hatulioni. Katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichochapishwa mwaka 1903, Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo anaeleza jinsi mtoto anavyopelekwa chuoni na mwalimu anavyopewa ada yake, na jinsi mwalimu anavyopewa chochote tena mtoto anapopiga hatua katika msahafu, hadi siku ya kuhitimu. Mahali pengi pwani kulikuwa na ada ya Alhamisi: siku ya mwisho kabla ya mapumziko ya Ijumaa, mtoto alikuja na ubao wake mkononi na kitu kidogo cha mwalimu, pesa au nafaka. Wanafunzi walichota maji, walileta kuni, msimu wa kilimo walikwenda shambani kwa mwalimu. Ubao ulifutwa ukaandikwa upya kwa wino wa masizi. Hapakuwa na duka la vifaa wala mfadhili wa madawati. Mwanahistoria Felicitas Becker, aliyeandika juu ya kuenea kwa Uislamu kusini-mashariki mwa Tanzania kati ya 1890 na 2000, anaonyesha kwamba katika miongo iliyofuata Vita vya Maji Maji dini iliingia vijijini kwa mikono ya wanakijiji wenyewe, watu waliokwenda pwani wakasoma, wakarudi kwao, wakafungua chuo barazani huku wakiendelea kulima. Hao ndio waliobeba kazi. Kwa kuwa walikula jasho lao na ada ya jirani, hapakuwa na mtu mmoja ambaye kifo chake kingefunga vyuo vyote kwa pamoja.

Serikali ya Wajerumani iliitambua nguvu hiyo kwa njia ya hofu. Mwaka 1908 iliposambaa ile iliyoitwa Barua ya Makka, ambayo ilijitokeza Lindi na kuwaita watu watubu maana kiama kimekaribia, maofisa waliwatilia shaka walimu wa vyuo, wakawakamata baadhi yao. Karani wa boma na akida walikuwa kwenye daftari la mishahara na waliweza kufukuzwa kazi. Mwalimu wa barazani hakuwa na mshahara wa kukatwa, na ndiyo maana boma halikujua limshike wapi.

Hapa inakuja pingamizi ya kwanza, ya kale kuliko zote: kwamba neno la Mungu haliuzwi, na anayefundisha kwa malipo ameshapoteza thawabu. Pingamizi hii ina watu wazito nyuma yake. Wanazuoni wa mwanzo wa madhehebu ya Hanafi walizuia ujira wa kufundisha Kurani. Madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi pwani hii, yaliuruhusu, na Wahanafi wa baadaye wakaukubali walipoona kwamba bila ujira walimu wangekimbilia kazi nyingine na watoto wangebaki bila kusoma. Kinachonivutia ni kwamba marabi walipita njia hiyo hiyo karne nyingi kabla. Katika Talmudi wanasema Torati ilitolewa bure na ifundishwe bure. Kisha wanauliza mwalimu ataishi vipi, na wanajibu kwamba anacholipwa ni muda anaoupoteza kwa kuacha kazi nyingine, au kuwachunga watoto, au kuwafunza namna ya kughani maandiko. Mtu anaweza kuiona hiyo kuwa ujanja wa kisheria. Mimi naiona kuwa heshima kwa mambo mawili kwa wakati mmoja: utakatifu wa somo, na tumbo la anayelifundisha. Talmudi hiyo hiyo inamsifu kuhani Yehoshua ben Gamla, wa siku za mwisho za Hekalu la Yerusalemu, kwa kuamuru kila mji uweke walimu wa watoto wa miaka 6 au 7. Kabla yake mtoto alisomeshwa na babake, na asiye na baba hakusoma. Talmudi inafika hata kwenye hesabu: watoto 25 mwalimu mmoja, wakifika 40 awekewe msaidizi, na msaidizi huyo agharimiwe na mji, wakifika 50 walimu wawili.

Amri hiyo haikubaki kitabuni tu. Katika ile hazina ya karatasi iliyokutwa kwenye sinagogi la Cairo ya kale, ijulikanayo kama Geniza, zimo orodha za fedha za jamii za karne ya 11 na ya 12 zinazoonyesha walimu wakilipwa kwa ajili ya mayatima na watoto wa maskini, huku wazazi wenye uwezo wakilipa wenyewe. Zimo pia karatasi za watoto waliokuwa wakijifunza kuandika herufi. Ni jamii zile zile zilizokuwa na wafanyabiashara Aden, bandari ambayo meli za pwani yetu nazo ziliifahamu. Kwa hiyo tunapozungumzia kumtegemeza mwalimu wa Kiyahudi tunazungumzia desturi iliyokuwa na umri mkubwa tayari Ibn Battuta alipotia nanga Kilwa, na msingi wake ni kwamba gharama ya mwalimu ni deni la mji mzima, pamoja na wasio na watoto.

Abayudaya hawakuurithi utaratibu huo kwa wazazi. Iliwabidi waujenge upya, na mwanzo wao ulifanana na wa Kilwa. Semei Kakungulu alikuwa jemadari wa Kiganda aliyewatwalia Waingereza nchi za mashariki mwa Uganda kuanzia 1899, akitumaini kutawala kama mfalme. Walipompunguzia madaraka hatua kwa hatua, akawaacha. Mwaka 1913 alirudi Mbale kutoka Busoga, akaingia katika madhehebu ya Malaki, yaliyokataa dawa za hospitali, na huko akazidi kuisoma Biblia, hasa vitabu vya Musa. Mwaka 1919 alitahiriwa pamoja na wanawe. Alipoambiwa kwamba hilo ni jambo la Wayahudi, akajibu kwa vitendo kwamba basi yeye na watu wake ni Wayahudi. Mwaka uliofuata alikutana na Myahudi aitwaye Yosef, aliyekaa na jamii hiyo karibu miezi sita. Yosef aliwafundisha kalenda ya sikukuu na sheria za vyakula, na mabaki ya Ukristo kama ubatizo yakaanza kuondolewa. Kakungulu akafungua mahali pa kusomeshea vijana ili waliyoyapata kwa Yosef yasipotee, na mwaka 1922 akatoa kitabu cha Kiluganda cha kurasa 90 hivi chenye maagizo na sala.

Tuitazame miezi hiyo sita kwa karibu, maana ndani yake mna kipimo cha hoja yangu. Mgeni mmoja, bila mishahara, bila taasisi, aliacha maarifa ambayo jamii ingeyatumia kwa miaka 40 bila mwalimu mwingine wa kudumu kutoka nje. Iliwezekana kwa sababu alikuta watu waliokwisha kuisoma Biblia kwa lugha yao, wakayaandika aliyosema na kuwafundisha wengine mara moja. Lakini wanafunzi hao walikaa kwenye ardhi ya Kakungulu na kula kwake. Alipofariki tarehe 24 Novemba 1928, yakatokea yaliyotokea Kilwa kwa Daudi: jamii ikagawanyika, wengi wakarudi makanisani, na kilichobaki ni familia zilizotawanyika vijijini kuzunguka Mbale. Wazee kama Samson Mugombe ndio waliolishika lililobaki, wakifundisha ndugu na majirani zao. Walikuwa wakulima. Walichovuna kwa jembe ndicho walichokula, na ndicho kilichowaruhusu kufundisha Sabato baada ya Sabato.

Kwa watoto wao adha ilikuwa shuleni. Chini ya Waingereza elimu ya Uganda ilikuwa mikononi mwa misheni, na mtoto wa Kiyahudi aliyetaka kusoma aliingia darasani ambamo alitarajiwa kubatizwa. Wazazi wa Kiislamu wa Lindi, waliotazamana na Wabenediktini na misheni ya Waanglikana ya Masasi, wanaijua shida hiyo bila kuelezwa. Mzazi alikuwa na mambo mawili ya kuchagua: mtoto abaki na dini yake bila cheti, au apate cheti na dini imponyoke. Vyuo vya pwani havikuwa na jibu kamili la swali hilo, na kukiri hivyo si kuvidharau. Mwalimu wa barazani aliweza kuhifadhi imani. Kumpeleka kijana kwenye kazi ya ofisini hakuweza. Abayudaya walikaa na pengo hilo zaidi ya nusu karne.

Mwaka 1962 walitembelewa na Arye Oded, Mwisraeli aliyekuwa akisoma Makerere, na habari zao zikaanza kufika nje. Halafu akaja Idi Amin, na dini yao ikapigwa marufuku. Watu walisali majumbani kwa siri, wengi wakasilimu au wakabatizwa, na jamii iliyokadiriwa kuwa na watu 3,000 ikabaki na mia chache. Baada ya Amin kuanguka mwaka 1979, kikundi cha vijana, miongoni mwao Gershom Sizomu, mjukuu wa Samson Mugombe, na Joab Jonadab Keki, kilihamia kilima cha Nabugoye, kikaishi pamoja kwa kulima na kusoma, maisha waliyoyaita kibutz. Walitunga tuni zao wenyewe za zaburi kwa Kiluganda na Kiebrania, na watoto walijifunza maneno ya sala kwa kuimba kabla hawajajua kusoma. Mzazi yeyote wa pwani aliyewahi kusikia watoto wa chuo wakikariri Juzuu Amma kwa sauti moja anaijua mbinu hii.

Msaada mkubwa kutoka nje ulikuja baada ya hapo. Shirika la Kimarekani la Kulanu, lililoanzishwa 1994, lilituma wageni mwaka uliofuata, na likaendelea kuchangia elimu. Zikasimama Shule ya Msingi Hadassah na Shule ya Sekondari Semei Kakungulu. Sizomu alikwenda Los Angeles, akasoma katika chuo cha marabi cha Ziegler kwa ufadhili wa shirika la Be'chol Lashon, akapewa daraja la urabi mwaka 2008, akarudi Nabugoye kufundisha. Mwaka 2016 likafunguliwa sinagogi jipya, na mwaka huo huo wapiga kura wa Bungokho Kaskazini, ambao wengi wao si Wayahudi, wakampeleka Sizomu bungeni.

Hapa msomaji makini atanikatiza. Atasema historia hii inaniumbua: madarasa, chakula cha mchana cha wanafunzi, masomo ya rabi, vyote vimetoka Marekani, na ada ya jirani isingejenga hata jiko la shule. Pingamizi hii ni nzito, na sehemu yake ni kweli. Tangu Uganda ilipoanza elimu ya msingi bila ada mwaka 1997, shule ya jamii hushindana na shule ya serikali isiyodai karo, na wakulima wadogo wa miteremko ya Mlima Elgon hawawezi peke yao kulipa walimu wa sekondari. Sisemi fedha za nje zikataliwe. Nasema tuangalie zilikuta nini. Zilikuta watu waliokwisha kufundishana tangu 1919 hadi 1995, miaka 76, na ndiyo maana zilipata pa kutua. Tena tuangalie zilifanya nini zilipofanya vizuri zaidi. Katika yote yaliyofadhiliwa, lililopeleka elimu mbali kuliko mengine, kwa maoni yangu, ni kumsomesha mtu mmoja wa pale pale, mwenye babu aliyekuwa mwalimu pale pale, ambaye alikuwa na kila sababu ya kurudi. Uzinduzi wa jengo hupigiwa picha. Mshahara wa mwalimu wa mwezi wa Machi haupigiwi, na wafadhili wengi duniani, wa dini zote, hupenda cha kwanza kuliko cha pili.

Upande wa pili wa mizani uko Nairobi. Jamii ya Wayahudi wa mji huo ilianzishwa 1904, mwaka mmoja tu baada ya Waingereza kuwatolea Wazayuni nyanda za Uasin Gishu kama makazi, mpango ambao haukutimia. Ilikuwa na sinagogi kufikia 1913 na jengo kubwa zaidi mwaka 1955. Ilikuwa na mali ambayo Samson Mugombe hakuiota. Marabi wake waliajiriwa kutoka nje, na familia zilipohama kwa wingi wakati wa uhuru, watoto wa kufundishwa wakapungua nao. Sidai kwamba ilipungua kwa sababu ya kuajiri walimu wageni. Ilipungua kwa sababu watu walihama. Lakini ulinganisho unaonyesha kwamba jengo na fedha havikuwa ulinzi, na kwamba jamii maskini ya Mbale, iliyopigwa marufuku kuabudu wakati wa Amin, ilizalisha walimu kutoka ndani mwake baada ya dhoruba kupita.

Wapo pia wanaosema kwamba kuwekeza katika shule ya dini ni kuwatenga watoto, na kwamba nchi zetu zilitaifisha shule kwa sababu nzuri. Tanzania ilifanya hivyo kwa sheria ya 1969, na faida yake ilionekana: mtoto wa Kiislamu wa Lindi akaingia shule iliyokuwa ya misheni bila kuulizwa jina la ubatizo. Naiheshimu sababu hiyo. Lakini tangu hapo madrasa ilibaki nje ya bajeti, na mwalimu wake alibaki mikononi mwa majirani kama zamani, safari hii akishindana na karo, sare na masomo ya ziada kwenye mfuko ule ule wa mzazi. Kuhusu utengano, shule za Abayudaya zinasomesha Wakristo na Waislamu pamoja na Wayahudi, na wanafunzi wasio Wayahudi ni wengi. Mtoto anajifunza Kiebrania chumba cha pili kutoka kwa rafiki yake asiyekisoma. Hapo ndipo Nabugoye ilipotatua lile lililowashinda walimu wa barazani: cheti na dini chini ya paa moja, bila kumlazimisha yeyote.

Linalobaki ni riziki yenyewe, na kuhusu hilo pwani ya Waswahili ilikuwa na jawabu kabla ya Mbale. Mwenye minazi aliweza kuiweka wakfu, nazi zake zikauzwa mwaka hadi mwaka kwa ajili ya msikiti na wanaousimamia, na kifo chake kisibadilishe kitu. Kakungulu alikuwa na ardhi nyingi na hakuacha mpango wa namna hiyo uliodumu. Warithi wake wa kiroho waliukaribia kwa njia nyingine mwaka 2004, pale Keki alipowakusanya wakulima wa kahawa Wayahudi, Wakristo na Waislamu katika ushirika wa Mirembe Kawomera, ukauza kahawa yake kwa mnunuzi wa California kwa bei ya biashara ya haki, na mkulima akapata cha kulipia karo ya wanawe. Kahawa hupanda na kushuka bei, na ushirika mmoja hauwezi kulisha shule mbili. Hata hivyo karo iliyotoka kwenye mibuni ya mzazi ni karo ambayo mzazi ana sauti juu yake: anaweza kuuliza mwalimu yuko wapi, amefundisha nini, na kwa nini hajalipwa. Minazi ya wakfu, ada ya Alhamisi na mibuni ya Mbale vinampa mwalimu waajiri wa karibu, nao ni wale wale anaowakuta kisimani na sokoni kila siku.